Wapiti Dume Hawindwi kwa Nyuma

Katika magharibi ya Amerika ya Kaskazini iko safu ndefu ya milima inayoitwa Rocky Mountains, ndiyo kusema Milima ya Mawe. Padri mmoja Mbelgiji, Pierre-Jean De Smet, mzaliwa wa Dendermonde, alifika huko mwaka 1840, na mwaka 1841 alianzisha misioni ya Mtakatifu Maria kati ya watu wa taifa la Salish, katika bonde la Bitterroot. Habari za misioni ile ni ndefu, nasi leo tunaziacha. Tunataka kusema juu ya uwindaji wa wenyeji wa milima ile, na hasa juu ya mnyama mmoja aliyewafundisha akili nyingi: wapiti dume anayetembea peke yake. Halafu tutaona jinsi akili hiyo ilivyogongana na mipaka ya serikali, hata watu wakafa.

Jina wapiti limetoka katika lugha ya taifa la Shawnee, na maana yake ni mwenye matako meupe. Waingereza waliohamia Amerika walimwita elk, jina ambalo huko Ulaya ni la mnyama mwingine kabisa, na mpaka leo watu wanachanganyikiwa. Sisi tutashika jina la wenyeji, ambalo hata Wafaransa wanalitumia. Wapiti ni ndugu wa ayala yule tunayemsoma katika Zaburi, lakini ni mkubwa kuliko ndugu zake karibu wote. Dume mzima ana kilo 300 au 400, mara nyingine zaidi, na kimo chake begani ni metro moja na nusu. Pembe zake zina matawi, nazo si kama pembe za nyati au za swala wetu, zinazokaa kichwani mpaka mnyama afe. Pembe za wapiti huanguka kila mwaka, kama mwezi wa Machi au Aprili, kisha huota mpya, na mwezi wa Agosti zimekwisha kukomaa. Mnyama anayejenga mzigo wa namna hiyo kila mwaka kwa majani tu, lazima ale sana. Neno hilo tulikumbuke, maana lina kazi mbele.

Kwa nini dume hutembea peke yake? Majike na ndama hukaa pamoja kwa makundi. Madume wazima hujitenga nao sehemu kubwa ya mwaka, na mzee kabisa hukaa peke yake, au na wenzake wawili watatu. Septemba inapofika, dume hutoka mafichoni kutafuta majike. Hapo ndipo anapolia kilio chake cha ajabu: kinaanza chini, kinapanda juu kama filimbi, kisha kinaishia kwa mikoromo. Siku hizo hali vizuri, halali vizuri, anapigana na wenzake, anavuka bonde baada ya bonde. Mwezi wa Oktoba unapokwisha amekonda, na pengine ana majeraha. Basi anawaacha majike na kwenda mahali pagumu, penye miti mizito na mteremko mkali, ajilishe upesi kabla ya theluji nyingi. Halafu theluji ikizidi, anashuka kwenda nchi za chini zenye majani.

Kwa hiyo mwindaji anayekuta nyayo za dume mmoja hujiuliza kwanza: huyu ni msafiri wa namna gani? Ikiwa ni yule wa Septemba, haifai kumtafuta yeye mwenyewe. Yafaa kujua majike wako wapi, maana ndiko anakokwenda. Ikiwa ni yule aliyechoka, anatafuta mambo matatu yaliyo karibu-karibu: majani, maji na kivuli kizito, wala hapendi kutembea zaidi ya lazima. Na ikiwa anakimbia theluji, anafuata njia ya zamani, ile ile waliyopita mama zake, na wazee wa kijiji wanaijua njia hiyo kama wanavyojua njia ya mtoni. Wanyama watatu, nyayo zile zile. Mjinga huona nyayo tu.

Nyayo zenyewe zina habari nyingi. Ukwato wa dume mkubwa ni mpana na wenye ncha butu kuliko wa jike. Mkojo wa jike huanguka nyuma ya nyayo za miguu ya nyuma, lakini wa dume huanguka mbele yake, kati ya miguu. Katika theluji jambo hilo halifichiki. Tena dume mwenye pembe pana hapiti po pote: miti ikisongamana sana, yeye huzunguka, hali jike angepita moja kwa moja. Mti mchanga uliochubuliwa gome, tope alilogaagaa lenye harufu kali, mavi ambayo bado yana unyevu, vyote hivyo vinasema amepita lini na alikuwa na moyo gani. Aliyetembea polepole, akionja majani huku na huku, yuko karibu. Aliyetembea mstari mmoja kama mtu anayekwenda sokoni, huyo yuko mbali.

Sasa tunafika kwenye kiini cha jambo. Wazee wetu husema: mfuata nyuki hakosi asali. Lakini mfuata wapiti hukosa nyama, na sababu ziko wazi. Ya kwanza ni mwendo. Wapiti akitembea tu, bila kuogopa, anapanda mlima upesi kuliko mtu anayejikaza. Mtu anahema, anasimama, anafuta jasho. Mnyama amekwisha vuka. Sababu nyingine ni kwamba kabla ya kulala mchana mara nyingi hupinda njia yake, akazunguka na kulala mahali ambapo upepo unamletea harufu ya kila anayefuata nyayo zake. Yaani amelala, lakini pua yake inalinda njia. Mwindaji anayefuata nyayo hatua kwa hatua anafika mahali pale na kukuta majani yaliyolaliwa, bado yana joto. Na dume aliyeshtuka vile hasimami karibu. Anavuka mgongo wa mlima, na pengine wa pili, na siku ile kazi imekwisha.

Wapiti ana macho mazuri na masikio makubwa, lakini jambo lililo juu ya yote ni pua. Akikuona tu, pengine atasimama kidogo akitazama. Akikusikia, pengine atafikiri ni mwenzake anayevunja vijiti. Akikunusa hafikiri tena. Ndiyo sababu mwindaji wa milima ile husoma upepo kabla ya kusoma nyayo. Upepo wa milimani una desturi zake. Usiku na asubuhi mapema hewa ya baridi hushuka mabondeni kama maji. Jua likipasha mteremko joto, hewa hugeuka na kupanda. Jioni hugeuka tena na kushuka. Saa ya kugeuka ni saa mbaya: upepo unazunguka-zunguka, na mwenye akili huketi chini asubiri mpaka ushike njia moja. Wengine huachilia unyoya mwembamba, au vumbi kidogo, waone unakwenda wapi.

Basi mwindaji mzuri hufanya nini? Anaacha nyayo. Anazitazama mpaka ajue mnyama ni nani na anakwenda wapi, kisha anaziacha na kwenda mbele yake kwa njia nyingine. Tuchukue asubuhi moja ya vuli. Dume amekula usiku kucha katika majani ya bonde. Kabla jua halijapanda, anaanza kupanda kwenda kulala katika msitu wa misonobari, upande wa kaskazini wa mlima, ambao katika nchi zile haupati jua kali. Hewa bado inashuka. Anapanda huku upepo ukimjia usoni, na kila kilicho mbele yake anakinusa. Mwindaji akimngoja mbele kabisa, katikati ya njia yake, atanuswa. Akimfuata nyuma, hatamfikia. Imebaki njia moja: kupita upande wa pili wa mgongo wa mlima, mahali asipoonekana wala kusikika, kwenda mbio kweli kweli, kisha kutokea ubavuni mwa njia ya mnyama, hatua kadhaa pembeni, pale upepo unapopita kati yao bila kumgusa yeyote. Mahali panapopendwa sana ni mwanya kati ya vilele viwili. Wapiti ni mzito, naye kama mwanadamu hapendi kupanda kileleni ikiwa mwanya uko chini. Mwanya mmoja huweza kukusanya njia za bonde zima.

Tumesema kwenda mbio, na tunataka lieleweke. Uwindaji huu si wa kunyata tangu mwanzo mpaka mwisho. Huko nyuma ya mgongo wa mlima mtu hukimbia bila haya, maana asipofika kwanza amefanya kazi bure. Ni hatua mia za mwisho ndizo za kunyata. Na akifika akakuta nyayo mpya zimekwisha pita, haanzi kufuata kwa hasira. Anarudi nyumbani. Dume asiyejua kwamba aliwindwa leo, kesho atapita tena karibu na hapo. Aliyejua hatarudi upesi. Kwa maoni yetu uvumilivu huu wa kurudi mikono mitupu ni mgumu kuliko kulenga mshale, hasa kwa mwenye watoto nyumbani.

Wakiwa wawili, kazi ni nyepesi. Mmoja anatangulia kwenye mwanya, mwingine anabaki nyuma. Yule wa nyuma hapigi kelele wala hakimbizi. Anatembea taratibu, mbali, akiacha upepo uchukue harufu yake kidogo tu, kiasi cha kumfanya dume aondoke kwa adabu, bila hofu, akifuata njia yake ya kawaida. Harufu ikizidi, mnyama anapasua msitu po pote. Ikipungua, hatoki. Kipimo hicho hakiandikwi kitabuni. Kijana hukipata kwa kutembea na baba yake au mjomba wake miaka mingi.

Dume anayetembea ni vigumu kumpiga vizuri, hata akipita karibu. Upinde wa wenyeji ulifaa kwa hatua ishirini au thelathini, na mshale ulipaswa kuingia nyuma ya bega, penye mapafu. Mnyama akiwa katika mwendo, mshale huingia tumboni, naye huenda kufa mbali na kwa mateso. Kwa hiyo mwindaji huvuta upinde wakati kichwa cha mnyama kimepita nyuma ya mti, kisha anatoa sauti laini kama ya jike, mlio mfupi unaofanana na wa paka mdogo. Dume anasimama ghafula na kugeuza kichwa. Ni pumzi mbili au tatu tu. Mwenye bunduki leo anafanya vile vile, ingawa anaweza kusimama mbali zaidi.

Baada ya kupiga, mwindaji huketi. Kijana huona ajabu, lakini ndiyo sheria. Dume aliyejeruhiwa akiona hafukuzwi, hulala karibu na kufa hapo. Akisikia miguu nyuma yake, huenda na nguvu zake za mwisho mpaka korongo ambalo hakuna awezaye kutoa nyama. Na nyama yenyewe haingoji. Ngozi ni nene, manyoya mengi, joto hubaki ndani, na hata siku ya baridi nyama huanza kuoza penye mifupa ya paja kama haikufunguliwa upesi. Dume mmoja hutoa kilo mia na zaidi za nyama. Kwa hiyo swali la nani atabeba, na kwa njia gani, huulizwa kabla ya mshale, si baada yake.

Wageni wa kwanza kutoka mashariki walijifunza hayo kwa njaa. Jeshi dogo la Lewis na Clark lilipokaa karibu na bahari ya Pasifiki tangu Desemba 1805 mpaka Machi 1806, mmoja wao alihesabu wapiti 131 waliouawa. Mwindaji wao mkubwa alikuwa George Drouillard, ambaye baba yake alikuwa Mfaransa wa Kanada na mama yake Mshawnee. Siku ya 12 Januari 1806 peke yake aliua saba, na Lewis aliandika kwamba bila mtu huyu wangepata chakula kwa shida sana. Lakini nyama nyingi iliwaozea kwa sababu ya mvua na joto, na mwisho wapiti walihama kwenda vilimani, wakawaacha.

Hatusemi kwamba wenyeji walikuwa malaika. Nao waliua makundi walipoweza, na waliponunua bunduki waliua zaidi. Lakini jambo lililokaribia kummaliza wapiti lilikuwa soko. Ngozi ziliuzwa, nyama iliuzwa kwa wachimba madini na watu wa reli. Mwisho likaja jambo la kuchekesha na kuhuzunisha: meno. Wapiti ana meno mawili tu ya juu yanayofanana na pembe za tembo kwa weupe na ugumu. Wanawake wa taifa la Crow waliyashona katika magauni yao ya heshima, mamia kwa gauni moja, na kwa kuwa kila mnyama ana mawili tu, gauni kama hilo lilikuwa hesabu ya miaka mingi ya uwindaji wa jamaa nzima. Mwisho wa karne ya 19 mabwana wa mijini, wa chama kilichoitwa kwa jina la mnyama huyu, walianza kuyavaa kwenye minyororo ya saa zao. Meno ya dume mzee yalipendwa kuliko yote. Watu wakaingia milimani, wakaua madume, wakang'oa meno mawili, wakaacha kilo 300 zioze.

Wataalamu wanakadiria kwamba kabla ya Wazungu kufika wapiti walikuwa kama milioni 10, na mwanzoni mwa karne ya 20 hawakuzidi 100,000. Leo wamerudi, ni kama milioni moja. Walirudi kwa sababu ya sheria kali: uwindaji ulikatazwa katika mbuga ya Yellowstone mwaka 1883, na mwaka 1912 serikali ilitenga mahali pa kuwalisha wakati wa theluji huko Jackson Hole. Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alitembelea mbuga za taifa za Marekani mwaka 1919, na mwaka 1925 mbuga yenye jina lake ilianzishwa kwetu Kongo, ile tunayoiita leo Virunga. Huku na huko wanyama walipona. Huku na huko pia, wa kwanza kuambiwa waondoke walikuwa watu waliokuwa wakiwinda pale tangu mababu.

Na hapa akili ya kutangulia mbele ilikuwa hatari. Kumbuka: wapiti lazima ale sana, kwa hiyo lazima ahame, na mwindaji lazima ajue safari yake yote. Lakini nchi ilikuwa imekatwa kwa mistari. Mwezi wa Julai 1855 mataifa ya Salish, Pend d'Oreille na Kootenai walifanya mkataba na serikali huko Hellgate. Walitoa nchi kubwa, wakabakiziwa sehemu, lakini waliahidiwa kwamba wataendelea kuwinda nje ya mpaka, katika ardhi isiyo na mwenyewe. Padri Adrian Hoecken, aliyekuwapo, alishuhudia kwamba hata sehemu moja ya kumi ya maneno haikueleweka na upande wo wote. Mwaka 1868 mataifa ya Crow, Shoshone na Bannock nao walipata ahadi kama hiyo.

Mwaka 1895 Mbannock mmoja aliyeitwa Race Horse aliua wapiti saba katika jimbo la Wyoming. Akakamatwa. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba Wyoming ilipofanywa jimbo kamili, mwaka 1890, ahadi ile ilikufa. Hakuna aliyewaambia wenyeji hivyo siku ya kutia sahihi.

Oktoba 1908 jamaa moja ya Wapend d'Oreille ilivuka milima kuwinda katika bonde la Swan, Montana, nje ya eneo lao, kama mkataba ulivyoruhusu. Walikuwa na wazee, wanawake na mtoto wa kiume, tena walikuwa wamenunua karatasi za ruhusa za jimbo. Mlinzi wa wanyama aliwajia kambini na msaidizi wake, maneno yakazidi, risasi zikalia. Wanaume watatu na yule mtoto wa miaka kama 13 waliuawa. Mmoja wa wanawake, Clarice Paul, mjamzito, aliyeona mumewe akianguka, alichukua bunduki akamwua mlinzi. Alinusurika, akamzaa mtoto wake. Wajukuu wa jamaa ile bado wanasimulia habari hiyo.

Januari 2014 Clayvin Herrera, wa taifa la Crow, pamoja na wenzake, walikuwa wakifuatia wapiti ndani ya eneo lao huko Montana. Wanyama wakavuka mpaka na kuingia msitu wa Bighorn, upande wa Wyoming. Wawindaji wakavuka nao, wakaua madume kadhaa, wakarudi na nyama. Walishitakiwa. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu, na tarehe 20 Mei 2019 majaji watano juu ya wanne walikata kwamba ile ahadi ya mwaka 1868 haikufa Wyoming ilipokuwa jimbo, na kwamba hukumu ya Race Horse isifuatwe tena. Mambo mengine, kama msitu ule uhesabiwe kuwa na mwenyewe au hauna, yalirudishwa kwa mahakama za Wyoming. Na kila mwaka theluji inapoanguka juu ya Bighorn, wapiti wanashuka kwa njia zao za zamani, upande huu na upande ule wa mpaka.